Mwalimu wa Pigo Moja

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Mto ukabaki njia ya vumbi, majani yakawa na ladha ya ngozi kuukuu, na katika nchi nzima ya wanyama kikasalia kisima kimoja, kinachotoa vibuyu thelathini kwa siku na hakiongezi hata tone. Wanyama wakakipigania mpaka Nyati akatumbukia ndani. Iliwachukua siku mbili kumtoa, na hakuna aliyefurahia kuyanywa maji yale baadaye.

Simba, ambaye hakuwahi kupanga foleni maishani mwake, akatoa amri.

"Kuanzia leo hakuna kupigana," alinguruma. "Mtacheza. Anayejua kulenga atakunywa."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kando ya kisima ulifagiwa uwanja wa udongo, likachimbwa shimo dogo. Kila mwenye familia alisimama hatua kumi kutoka shimoni, akalisukuma kwa bakora koche moja, lile tunda gumu la mviringo, ili liingie. Lakini kabla ya kuligusa alipaswa kutangaza kwa sauti: ataliingiza kwa pigo moja, au kwa mawili. Aliyetangaza moja akafaulu alipewa vibuyu viwili. Aliyetangaza mawili akafaulu alipewa kimoja. Aliyeshindwa kutimiza alichotangaza aliondoka mtupu, na kibuyu cha maji cha siku hiyo ambacho kingekuwa chake kikawa cha mtunza shimo, eti ujira wa kufagia.

Mtunza shimo alikuwa Sungura. Sheria hiyo ya mwisho aliipendekeza yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu mkubwa, akiwa amejishika kifua.

Haikupita wiki Sungura akafungua darasa. Alifundisha bure, na hiyo bure peke yake ilitosha kuwashtua wanyama, lakini kiu huziba masikio.

"Siri ni imani!" aliwaambia, akitembea mbele yao huku mikono iko mgongoni. "Lione koche likiwa ndani kabla hujapiga. Anayetangaza mawili ameshashindwa. Amejiambia mwenyewe, mimi ni wa kukosa. Nyinyi ni wa kukosa?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Mtatangaza ngapi?"

"Moja!"

Fisi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kwa sababu alisikia vibuyu viwili na hakusikia kingine. Kesho yake alitangaza moja, akavuta bakora nyuma kama anayeua nyoka, akapiga. Koche likaruka shimo, likapita uwanja, likaingia kwenye miiba.

"Hukuamini vya kutosha," Sungura alimwambia kwa huzuni, huku akikichukua kibuyu chake.

"Niliamini mpaka tumbo likauma!"

"Kesho amini zaidi."

Fisi akaamini zaidi siku sita mfululizo. Akakonda mpaka madoa yake yakaanza kugusana.

Kanga hakwenda darasani. Alikuwa na vifaranga tisa, na mwenye vifaranga tisa hana nafasi ya kwenda kuambiwa ajiamini. Alichimba kishimo nyuma ya kichaka chake, akabana kijiti chini ya bawa, na kila mchana watoto walipolala alipiga koche na kuhesabu. Kutoka hatua kumi, katika mara ishirini, liliingia mara moja. Hilo halikumuuma. Aliona jambo jingine: akipiga taratibu, koche lilisimama karibu na shimo, hatua moja hivi. Na kutoka hatua moja, katika mara kumi, aliingiza tisa.

Basi kila asubuhi alifika uwanjani akatangaza, "Mawili."

"Wooo!" wanyama walimzomea. "Mama Mawili!"

"Shoga yangu, huna ndoto?" aliuliza Pundamilia, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Ninazo. Nikilala," alijibu Kanga. Akapiga mara mbili, akachukua kibuyu chake, akaenda.

Aliendelea hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili pigo la kwanza likasimama vizuri, hatua moja. La pili likagusa ukingo wa shimo, likazunguka, likatoka.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Sungura alikipokea kile kibuyu kwa mikono miwili kama mwenye kupokea rambirambi.

"Pole, mama. Unaona? Uliyatangaza mawili na bado umekosa. Kukosa kwa kukosa, si bora ungekosa kwa heshima?"

Siku ile vifaranga hawakunywa. Usiku walilia, na ilipopambazuka yule mdogo kabisa hakuweza kusimama. Kanga alimwacha chini ya ubawa wa dada yake, akaenda kisimani akijua kwamba mtoto yule hatafika jioni bila maji.

Sungura alimngoja njiani.

"Mama Kanga, kibuyu kimoja leo kitawatosha? Mna kiu ya siku mbili. Tangaza moja, uchukue viwili. Nitakusaidia kuamini."

Kanga alisita. Hesabu ya kiu ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini akakumbuka hesabu nyingine, ile ya nyuma ya kichaka. Kukosa kwa jana kulikuwa ile mara moja katika kumi, wala hakukubadilisha zile tisa zilizobaki.

Akasimama mahali pake. "Mawili," alisema.

"Hata baada ya jana?" alicheka Fisi, kwa sauti iliyokauka.

Alipiga kama alivyopiga kila siku. Koche likaenda polepole, likasimama hatua moja kutoka shimoni. Akalifuata, hakuliangalia mara mbili, akapiga. Likaingia, *ko!*

Safari hii hakuna aliyezomea. Mmoja akapiga makofi, kisha wengine. Kelele zikamwamsha Simba.

"Kuna nini? Ndege ametumbukiza tunda kwa mapigo mawili, ndiyo mnashangilia? Nipeni bakora. Moja!"

Mfalme akapiga. Koche likapita kando ya shimo kwa upana wa kiganja na kuendelea na safari zake.

Wanyama wote wakaanza kutazama miguu yao.

"Upepo," alisema Simba.

Hapakuwa na upepo. Na hapo Sungura, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono akakichukua kibuyu cha mfalme.

"Unafanya nini?" Simba aliuliza.

"Sheria, Mfalme... ilikuwa ni imani kidogo tu iliyopungua..."

Wanyama wakarudi nyuma hatua tatu. Kanga alikuwa bado pale, anafunga kizibo cha kibuyu chake.

"Mfalme, pigo lako halikuwa baya," alisema. "Kutoka hatua kumi, takriban sote tunakosa. Huenda Mwalimu peke yake ndiye hakosi. Sisi hatujawahi kumwona akipiga."

Simba aligeuza kichwa taratibu. "Piga. Mara kumi."

Sungura alipiga. Alikuwa fundi kweli. Alishika bakora vizuri kuliko wote. Likakosa la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sita. La saba likaingia. Mengine matatu yakakosa.

"Moja katika kumi," alihesabu Pundamilia kwa mshangao. "Na huyu ndiye mwalimu!"

"Kwa hiyo mimi sikulogwa?" Fisi aliuliza.

"Hukulogwa," alisema Kanga. "Una tamaa tu."

"Ulijua?" Simba alimuuliza Sungura.

Sungura alitupa jicho kuelekea kwake. Alijua. Walipobomoa shimo lake la kulala walikuta vibuyu sitini na vitatu vimepangwa ukutani, vimezibwa kwa nta. Vikagawiwa palepale, na Kanga akapewa kimoja cha ziada, akaondoka mbio bila kungoja hotuba. Kifaranga wake mdogo alikunywa, akapiga chafya, akaanza kugombana na wenzake.

Adhabu ya Sungura ilikuwa fupi. "Kuanzia kesho nawe utacheza," alisema Simba. "Lakini wewe utatangaza moja tu, kila siku, mpaka mvua inyeshe. Imani si unayo?"

Mvua ilikuja baada ya miezi miwili. Katika miezi hiyo wanyama walijifunza kutangaza mawili bila aibu, na waliokosa leo walirudi kesho wakapiga vilevile. Wawili tu ndio waliotangaza moja kila asubuhi, wamesimama mbele kabisa ya foleni na ndimi nje: Sungura kwa adhabu, na Fisi kwa hiari yake mwenyewe. Kanga aliwapita pembeni na kibuyu chake kimoja, kimejaa.