Kiboko Aliyempenda Bonge

Hapo zamani za kale, enzi ambazo pimbi walipika uji na viboko waliamkiwa shikamoo, aliishi pimbi mmoja aliyeitwa Machepele. Mdogo, mnene, hata mkia hana. Msimcheke, nyie. Nikimaliza mtatamani kuwa yeye, na kusimulia mnajua najua.

Machepele na mkewe Sikudhani walikaa ndani ya jiwe kando ya mto. Asubuhi moja ardhi ikatetemeka, tibwi, tibwi, tibwi. Alikuwa Mzee Gombera, kiboko.

"Machepele, jiwe lako linanizibia njia ya malishoni. Kesho nalivunja. Hamisha sufuria zako."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kesho."

Sasa, mtoni pale kulikuwa na desturi. Anayefukuzwa kwake hupewa nafasi ya kusimulia hadithi moja mbele ya majirani. Anayemfukuza akiguswa, akasema mwenyewe "aachwe" na kulamba udongo, mambo yameisha. Akivunja kiapo, haruhusiwi tena kugusa maji. Na kiboko bila maji anapasuka ngozi kama tope juani.

Kesho yake, kabla ya kwenda kusimulia, Machepele akajipima kwa mkewe wakinywa uji.

"Paliondokea pimbi shujaa, mzuri, mwenye akili kuliko wote, hajawahi kuogopa wala kukosea..."

Sikudhani akapiga mwayo, haaaw. "Mume wangu, huyo hata mimi ningemfukuza."

"Ana kasoro gani?"

"Hana. Ndiyo maana. Nani atamhurumia? Mimi nilikupenda siku ile ulipomkimbia chura, halafu ukarudi unatetemeka kunibebea ndoo yangu."

Machepele akakuna kichwa. "Lakini Gombera hawapendi pimbi kabisa."

"Kwani hadithi ni ya pimbi?"

Machepele akaweka bakuli chini, akacheka kwi kwi kwi.

Mtoni majirani wamejaa. Gombera kajilaza, macho kafumba nusu.

"Paliondokea kiboko mdogo, jina lake Bonge," Machepele akaanza. Jicho moja la Gombera likafunguka. "Bonge alikuwa mwoga wa vyura. Chura akilia kroo, yeye mbio chini ya tumbo la mama yake."

"Kama mimi utotoni," Gombera akanong'ona. Majirani wakajifanya hawakusikia.

"Siku moja akakuta chura kavunjika mguu, mbali na maji. Bonge akafumba macho, akamweka juu ya pua, akatembea huku analia, hadi mtoni. Puu, akamtumbukiza."

"Mtoto mwema huyo."

"Aliporudi, akamkuta Tembo kasimama kwenye dimbwi lake. Tembo akasema: toka, nataka kuoshea masikio yangu hapa."

Gombera akasimama, maji yakaruka chubwi. "Bonge atoke aende wapi? Tembo gani huyo asiye na haya?"

"Mzee, kwa hiyo Bonge afanyweje?"

"Aachwe."

"Kabisa?"

"Aachwe kwake, nimesema." Akalamba udongo, lap, mbele ya wote.

Machepele akainamisha kichwa kwa adabu. "Samahani, Mzee, kuna mahali nilibadilisha. Bonge ni pimbi. Anakaa kwenye jiwe. Na Tembo hakuwa tembo."

Nyani mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Umenidanganya," Gombera akasema.

"Jina tu, Mzee. Uliyempenda ni yuleyule."

Gombera akatazama maji, akatazama jiwe. Akageuka, akaifuata njia ndefu ya malishoni, ile ya kuzunguka kilima. Hatua tatu, akasimama.

"Machepele. Yule chura, mguu ulipona?"

"Ulipona, Mzee. Anaruka."

"Haya," akasema, akaendelea na safari, tibwi, tibwi.

Hadithi nimeitua hapo, na funzo lake ndilo hili: watu hawampendi asiye na kasoro, wanampenda anayetetemeka na bado akatenda wema.