Pimbi Fundi wa Nta na Chombo cha Mwezini

Paukwa!
— Pakawa!
Aliyesinzia yuko wapi?
— Kaamka!
Aliyekasirika yuko wapi?
— Hayupo bado!
Atapatikana sasa hivi. Sogeeni karibu.

Hapo kale Kiboko alikuwa mnyama wa nchi kavu. Msicheke! Alikuwa na manyoya marefu, meusi, yanang'aa, akiyachana asubuhi na jioni. Hakukaa majini. Alikaa kwenye nyanda za juu, kule kwenye baridi kali, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nchi nzima. Akala majani ya mashariki, yakaisha. Akala majani ya magharibi, yakaisha. Akainua macho, akauona mwezi, mweupe, mnene, umejaa tele.

"Kule," akasema, "hajala mtu bado."

Ndivyo ilivyoanza habari ya chombo.

Chombo chenyewe kilikuwa magogo matano ya mvule, yamechimbwa ndani, yamesimamishwa moja juu ya jingine, marefu kuliko twiga watatu. Chini kabisa, baruti. Juu kabisa, chumba chenye viti vitano. Na pale gogo linapokutana na gogo, palizibwa kwa nta ya nyuki, ili moto usipenye pembeni. Moto ukitoka chini, chombo kinapaa. Moto ukitoka pembeni... haya, tutafika.

Fundi wa nta alikuwa Rehani, pimbi. Pimbi mnamjua: kinyama kidogo cha majabalini, hana mkia, masikio mafupi, ukimwona unadhani panya aliyenenepa. Lakini vidole vya Rehani viliijua nta kuliko nyuki wenyewe. Akiigusa tu anakwambia: hii itashika, hii haitashika. Na hasira zake zilikaa karibu, hazikuhitaji kamba ndefu kuzichota.

Kwanza walirusha chombo kitupu, mara mbili. Fyuuuu! Kikapaa. Puu! Kikarudi. Mara zote mbili Rehani alipanda ngazi akakagua maungio, na mara zote mbili akakuta nta imeungua nusu, imekuwa nyeusi kama masizi. Akaenda kwa Kiboko.

"Bwana Mkubwa, nta imeungua nusu."

"Chombo si kilipaa?"

"Kilipaa."

"Si kilirudi?"

"Kilirudi."

"Basi una shida gani?"

Rehani akarudi jabalini kwake, akala chakula chake bila kujua anakula nini.

Ukafika wakati wa kuchagua wasafiri. Kiboko akawataja watano, wadogo wadogo wote: Kobe, Kanga, Digidigi, Sungura, na Mwanaidi, mdogo wake Rehani, tumbo moja. Kazi yao ilikuwa kwenda mwezini, kukata majani, kuyafunga mizigo, na kumletea Bwana Mkubwa. Atakayekataa, yeye na ukoo wake hawatachota tena maji kisimani. Na Kiboko mwenyewe je? Hakujitaja.

"Mimi," alisema, "nina majukumu."

Siku ya kupaa ikapangwa, mvua ikanyesha, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, upepo ukavuma, ikaahirishwa. Mara ya tatu Kiboko akapeleka habari kwa Tembo, mkubwa wa nchi jirani, aje na watu wake washuhudie. Tembo akaja. Wakaja na twiga, wakaja na nyumbu, wakaja na ngiri na watoto wao. Masufuria yakatelekwa jikoni tangu alfajiri. Kasuku, msemaji wa Bwana Mkubwa, akapewa kazi ya kuhesabu namba mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kipupwe. Baridi gani ile! Umande uliganda juu ya majani, ukikanyaga, kacha, kacha, kacha. Rehani akapanda ngazi. Akaigusa nta ya ungio la kwanza: ngumu kama jiwe. Akaigusa ya pili: ngumu kama jiwe. Ya tatu akaibonyeza kwa kidole, na nta ikalia: kacha! Ufa, kuanzia huku mpaka kule.

Akabandua kipande, akashuka mbio.

Akamkuta Kiboko anakula wali wa wageni kabla wageni hawajakaribishwa.

"Bwana Mkubwa, tazama." Akakikunja kipande cha nta. Kacha! Vipande viwili. "Baridi imeiua nta. Kikiwashwa sasa, moto utapenya pembeni, na walio juu watakufa wote."

Kiboko akakichukua kipande kimoja, akakifumba mkononi, akaendelea kula kwa mkono mwingine. Akafumbua. "Mbona sasa ni laini?"

"Umeipasha kwa kiganja, Bwana Mkubwa. Kule juu nani ataipasha kwa kiganja?"

"Jua litaipasha."

"Hilo ndilo ninaloliomba! Subiri jua lipande. Siombi kesho, wala keshokutwa. Naomba mpaka saa saba mchana tu."

"Saa saba!" Wali ukamtoka Kiboko mdomoni. "Tembo yuko nje. Chakula kinapoa. Nimeahirisha mara mbili, nchi nzima inanicheka, halafu niahirishe mara ya tatu kwa ajili ya nta? Wewe ni fundi wa kuziba, umeshaziba. Nenda."

Rehani akatoka. Nusu siku! Roho tano, na mtu anakataa kutoa nusu siku, eti pilau litapoa!

Akamwendea Mwanaidi, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi na mundu wake wa kukatia majani, kichwani amefunga kitambaa kipya.

"Shuka. Twende nyumbani."

"Sijapanda, dada."

"Basi usipande. Nta imepasuka."

Mwanaidi alikuwa mkimya siku zote, hata utotoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema chakula kinapoa."

Mwanaidi akakaza kitambaa chake. "Nikikataa mimi, atampandisha binti wa shangazi. Akikataa yule, atampandisha mwingine. Kiti hakitakaa kitupu, dada. Na nyumbani watakosa maji." Akaishika ngazi. "Sema naye tena."

Rehani akarudi. Akamkuta Kiboko nje, amekaa kando ya Tembo, anachana manyoya.

"Bwana Mkubwa, nta..."

"Tembo, umemwona fundi wangu?" Kiboko akacheka kwa sauti kubwa, Tembo akacheka naye, mkono wa Kiboko ukambana Rehani begani mpaka mifupa ikalia. "Mnyama hodari! Ana wasiwasi kidogo tu. Wadogo wana wasiwasi." Kisha akamwinamia sikioni. "Ukifungua mdomo tena, nitakuweka wewe kwenye kiti cha sita, nje."

Hapo hasira za Rehani zikafika mahali ambapo haziwezi kupanda zaidi. Na zilipofika huko, zikatulia. Zikawa baridi kama asubuhi yenyewe. Akafikiri. Akasema moyoni: huyu ukweli hausikii. Nimempa akiwa anakula, nimempa akiwa ameshiba, hausikii. Sasa nitampa tumbo lake lisikie.

Akapanda mpaka chumba cha juu, ambako wasafiri wamekwisha kaa. Kasuku naye alikuwa hapo mlangoni, anajiandaa kuhesabu. Na mnamjua Kasuku: ukitaka jambo limfikie Bwana Mkubwa, mfiche Kasuku.

"Ndugu zangu," Rehani akawanong'oneza, mnong'ono wa kusikika mpaka kwa jirani, "msimwambie mtu. Popo ameniambia sheria ya mwezini. Mdomo wa kwanza kuyagusa majani, huo ndio mwenye majani yote. Yote! Milele! Anayekuja wa pili hapewi hata unyasi. Sasa mkifika, kuleni haraka. Yule bwana wa manyoya tutampelekea makapi."

Sungura akafungua mdomo aulize. Mwanaidi akamkanyaga mguu.

Pa pa pa pa! Mabawa ya Kasuku hayo, yanateremka.

Hawakumaliza kupumua mara tatu, ngazi ikalia. Kwii! Kwii! Kwii! Kichwa cha Kiboko kikatokea mlangoni, macho mekundu.

"Shukeni!"

"Kuna nini, Bwana Mkubwa?" akauliza Rehani.

"Shukeni wote! Nani alisema safari hii ni ya kobe na kanga? Safari ni yangu! Mwezi ni wangu!"

Kobe akashuka. Kanga akashuka. Digidigi akashuka, Sungura akashuka, Mwanaidi akashuka akiwa ameukumbatia mundu wake. Kiboko akaingia, akaketi juu ya viti vyote vitano, vikalia kwa pamoja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengine huniuliza. Rehani hakushuka. Alisimama mlangoni, mdogo vile, akamtazama yule mnyama aliyejaa chumba. Alikuwa bado anamchukia. Lakini alikuwa fundi, na nta ilikuwa yake.

"Kiboko," akasema, bila bwana wala mkubwa. "Nakwambia mara ya tatu. Ungio la tatu limepasuka. Usipande. Ukipanda utaungua."

Kiboko akapiga makofi. "Ahaa! Sasa nimekujua! Tangu asubuhi nta, nta, nta, kumbe unataka nichelewe ili ndugu zako wale kwanza! Chombo ni salama! Nimesema ni salama! Funga mlango!"

Rehani akafunga mlango.

Akashuka ngazi pole pole. Chini, Kasuku alikuwa ameshatunisha kifua mbele ya wageni.

"Kumi! Tisa! Nane!"

Wageni wakasimama. Watoto wa ngiri wakapanda migongoni mwa mama zao.

"Saba! Sita! Tano!"

Rehani hakutazama juu kama wengine. Alitazama ungio la tatu tu. Mwanaidi alikuja akasimama ubavuni kwake, na Rehani akamshika mkono, akaubana kupita kiasi.

"Nne! Tatu! Mbili! Moja!"

NGUUUUU! Ardhi ikatikisika, masufuria yakaruka mafigani, fyuuuuu! chombo kikaondoka. Kikapaa! Tembo akapiga tarumbeta, nyumbu wakashangilia, "Kimepaa! Kimepaa!" Hata Rehani, kwa muda wa kupepesa jicho, alitamani awe amekosea.

Kisha akakiona. Pembeni, kwenye ungio la tatu, moshi mdogo mweusi, mwembamba kama unywele. Wageni bado wanashangilia. Moshi ukawa kama kamba. Bado wanashangilia. Kamba ikawa ulimi mwekundu.

"Dada," Mwanaidi akasema.

PAAA!

Magogo yakatawanyika, moja huku, moja kule. Katikati ya moshi kikatoka kitu cha mviringo, kinawaka, kinapiga kelele, kinageuka juu chini, chini juu, kikavuka uwanja, kikavuka jikoni, kikaangukia ziwani. Chubwiiii! Ziwa lote likapanda ukingoni, kisha likarudi.

Uwanjani alisikika Kanga peke yake, analia, akitazama vipande vya chumba alimokuwa akae.

Wakakimbilia ziwani. Wakangoja. Bulu, bulu, bulu, likaibuka jichwa. Manyoya? Hakuna hata unyoya! Ngozi tupu, nyekundu, imeng'aa kama kiazi kilichomenywa. Kiboko akatema matope, na neno lake la kwanza, jamani, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Fundi! Yuko wapi fundi? Hakuniambia kitu!"

Tembo akamgeukia Rehani. "Kwa nini hukumwambia?"

Lo! Hasira zile zilizokuwa zimetulia zikaamka zote kwa pamoja. Rehani akaruka mpaka juu ya jiwe la ukingoni, akapiga kelele ambayo pimbi wanaipiga mpaka leo.

"Nilimwambia! Nilimwambia mdomo wake ukiwa umejaa wali! Nilimwambia mbele yako wewe, Tembo, ukacheka naye! Nilimwambia mlangoni, uso kwa uso! Na angekuwa ni huyu," akamvuta Mwanaidi mbele ya watu wote, "angekuwa ni huyu aliyekuwa mle ndani, sasa hivi mngekuwa mnakula pilau na kusema ni kazi ya Mungu! Angalia miguu yake ilivyo midogo, Tembo! Angeanguka, ziwa lisingestuka hata kidogo!"

Tembo akainamisha mkonga.

"Kiboko," akasema hatimaye, "toka majini tuzungumze."

Kiboko akajitazama, ngozi tupu. Akawatazama twiga, akawatazama nyumbu, akawatazama wale watano wadogo waliosimama wima ukingoni wakimtazama bila kupepesa. Akazama. Bulu. Akabakiza matundu ya pua.

Hadi leo hajatoka mchana. Na kisima kile wanachota wote.

Sasa fundisho, maana mmelipia kwa masikio. Mkubwa akikwambia chombo ni salama, usibishane naye. Wewe nani? Mwamini! Mwamini kabisa, mpe kiti cha mbele, na umfungie mlango vizuri. Na fundi mwenye wasiwasi msimsikilize hata siku moja, anaharibu sherehe, pilau linapoa.

Ngano yangu nimeitua chini. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia amrudishie Kiboko. Anapatikana ziwani, mpigieni hodi.