Kijiko cha Atupele

Aonjaye kwa kijiko halali njaa. Hivyo ndivyo alivyosema Mzee Ambilikile, mpishi wa Shule ya Sekondari Masukila, siku wanafunzi wa kidato cha kwanza waliponung'unika kwenye foleni kwa kuwa kengele ya chakula ilikuwa inamsubiri mwonjaji wa zamu ameze kijiko kimoja cha maharage. Wakamwuliza msemo huo aliutoa wapi. Mzee akauegemeza mwiko wake ukutani kwa heshima ambayo watu wengine huipa bendera, akawaambia wasogee, maana maharage hayana miguu. Methali hii, akasema, hatukuachiwa na wahenga, kwa kuwa wahenga hawakuwa na mtandao. Ilizaliwa hapa hapa shuleni, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Palikuwa na msichana wa kidato cha tatu aitwaye Atupele, mtunzaji wa blogu ya shule. Blogu hiyo ilikuwa na umri wa miaka tisa, na ndani yake wanafunzi walikuwa wameweka habari mia nne na kumi na mbili walizozikusanya kwa wazee wa milima ya Rungwe: nyimbo za mavuno, namna ya kutuliza ndama, ugomvi wa mpaka uliomalizwa na jogoo mmoja. Habari ya mia tatu na sita ilikuwa sauti ya bibi yake Atupele. Kwa dakika kumi na moja bibi alieleza jinsi alivyotembea siku mbili kwenda kuolewa na mtu asiyemjua, na jinsi alivyoangua kicheko alipomwona. Mwaka uliofuata bibi alifariki. Simu iliyomrekodi ilitumbukia chooni, kama zifanyavyo simu za watu wema. Duniani kote sauti ile ilibaki mahali pamoja tu.

Basi kila Atupele alipoingia kazini, alilakiwa na utepe mwekundu juu ya kioo cha kompyuta: Toleo jipya lipo. Sasisha sasa. Utepe huo ulikaa mwaka mzima, ukaigawa klabu ya uandishi katika madhehebu mawili. Wabonyezaji walifundisha kwamba kipya ni kipya. Waachaji walifundisha kwamba gari linalotembea halisukumwi. Atupele alikuwa Mwachaji kwa sababu ya woga, ambao aliuita busara, kama ilivyo desturi ya waoga.

Kiongozi wa Wabonyezaji alikuwa Gwamaka, mwenyekiti wa klabu, ambaye shule nzima ilimwita Rangi. Jina hilo alilipata kwa jasho. Jumapili moja ilikuwa zamu yake ya kuonja, na siku hiyo jikoni kulikuwa na gunia jipya la magadi, kali kuliko la zamani. Gwamaka alichungulia sufuria, akasema rangi ya maharage inaridhisha, akaamuru kengele ipigwe bila kuonja. Usiku ule maharage hayakulika, wanafunzi mia tano wakalala kwa chai ya rangi na maombi, na baadhi ya maombi yalimtaja Gwamaka kwa jina.

Hata hivyo, kuhusu blogu alikuwa na hoja. Programu ya zamani ilikuwa inaoza. Kwenye simu herufi zilipandana kama mbuzi zizini, na matangazo ya dawa za kupunguza kitambi yalianza kujipenyeza yenyewe chini ya maneno ya wazee, hata ya wazee ambao hawakuwahi kuwa na kitambi.

Jumatatu moja Mwalimu Sekela, mkuu wa shule, akatangaza mstarini kwamba Jumamosi wangekuja wageni wa bodi ya shule. Wangeifungua blogu kwa simu zao wenyewe. Wakiridhika, klabu ingebaki na chumba chake. Wasiporidhika, chumba kingekuwa stoo ya magodoro na blogu ingefungwa. Atupele akapiga hesabu. Akiiacha blogu ilivyo, wageni wangeona mbuzi zizini. Akibonyeza na mambo yakaharibika, sauti ya bibi ingepotea kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni akaenda jikoni kuomba maji ya moto. Huko alikuwapo mpishi mmoja hodari, ambaye jina lake halitatajwa kwa sababu ya unyenyekevu wake.

"Mjukuu wangu," mpishi akasema, "mbona unachemka wewe badala ya maji?"

Atupele akamweleza yote. Mpishi hakujua blogu ni mnyama gani, lakini sufuria alizijua.

"Hicho unachokitunza, unacho kimoja?"

"Kimoja tu, Mzee."

"Mimi napika lita mia mbili. Nikitaka kujua kama chumvi imekolea, siinywi sufuria nzima. Nachota kidogo, naweka kando, naonja. Ikiwa imeharibika, kimeharibika kijiko. Sufuria haijui hata kama nimepita."

Atupele akasahau maji yake. Kesho yake baada ya vipindi alichukua nakala ya blogu yote, habari zote pamoja na picha na sauti, akaiweka ndani ya kompyuta kuukuu ya pembeni ambayo haikuunganishwa na mtandao. Nakala nyingine akaitia kwenye flashi, na flashi akaifungia katika sanduku lake bwenini, chini ya sketi. Ile ya pembeni ilifanana na blogu yenyewe kama pacha, utepe mwekundu ukiwemo, basi akaandika juu yake kwa herufi kubwa: KIJIKO. Toleo jipya alikwisha kulipakua, limekaa tayari. Alikuwa ananyoosha kidole abonyeze, kengele ya chakula ikalia. Atupele, ambaye hakuwa malaika, akakimbilia ugali.

Aliporudi alimkuta Gwamaka mlangoni, uso umepauka kama majivu.

"Dada Atupele," Gwamaka akaanza, ingawa walikuwa rika moja na hakuwahi kumwita dada hata siku moja.

"Nini tena, Rangi?"

"Nimebonyeza."

Moyo wa Atupele ulisimama. Kisha akaangalia kidole cha Gwamaka kilikoelekea, akaona kinaonyesha kompyuta ya pembeni. Kioo chake kilikuwa cheupe kama sahani iliyooshwa. Moyo ukaendelea na kazi yake, lakini uso akauacha palepale ulipokuwa.

"Zote?" akauliza kwa sauti ya msibani.

"Zote mia nne na kumi na mbili. Hata ya bibi yako. Nilitaka ukirudi ukute pamependeza."

"Kabla ya kubonyeza, ulisoma kilichoandikwa juu?"

"Kimeandikwa Kijiko. Nilidhani ni habari mpya ya jikoni."

Atupele akavuta pumzi ndefu, akamwambia kwamba yeye binafsi angeweza kusamehe, lakini aliyekosewa zaidi ni marehemu. Gwamaka akaelewa. Akakielekea kioo cheupe, akainama kama mtu ainamavyo mbele ya mkubwa wake, akaomba radhi kwa Kinyakyusa safi, kuanzia salamu, akipitia ukoo wake, hadi ahadi ya kutobonyeza kitu chochote maisha yake yote, swichi za taa zikiwemo. Alipofika kwenye taa, Atupele akaifungua blogu halisi katika kompyuta yake ya kila siku. Kicheko cha bibi kikajaa chumba kizima.

Gwamaka aliruka, akakanyaga ndoo.

Alipokwisha kuapa kwamba hakuogopa, walikaa pamoja kutafuta kilichoichafua nakala. Wakakuta ni kifaa kidogo cha kupanga picha, programu ndani ya programu, ambacho mwanafunzi mmoja wa zamani alikuwa amekitengeneza na kukipachika ndani ya blogu. Kifaa hicho na toleo jipya havikupatana hata kidogo. Jumatano wakaifuta ile nakala, wakaiweka upya, wakakiondoa kifaa na kutia kingine, wakabonyeza. Picha zikaja, sauti zikagoma. Wakarudia tena. Mara ya tatu kila kitu kikafunguka. Gwamaka, kwa bidii ya mtu aliyetubu, akazipitia habari zote mia nne na kumi na mbili moja baada ya nyingine, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwenyekiti wa klabu kuisoma blogu ya klabu.

Likabaki swali la lini. Gwamaka akapendekeza Ijumaa usiku, ili wageni waikute ikiwa bado ya moto. Atupele akakataa. Mpishi hajaribu magadi mapya siku ya harusi. Alichagua Alhamisi, saa ya michezo, shule nzima ikiwa uwanjani na blogu haina msomaji. Hata ingeharibika, angekuwa na siku nzima ya kuirudisha kutoka kwenye flashi.

Alhamisi ikafika. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa kwa mwendo wa konokono aliyekula akashiba. Nje watu wakashangilia bao. Kioo kikazimika, kikawaka. Atupele alikwenda moja kwa moja kwenye habari ya mia tatu na sita. Bibi akacheka palepale alipokuwa akicheka siku zote.

Jumamosi wageni wakakaa ukumbini, simu mkononi. Mmoja wao, bwana mkali aliyesema waziwazi kwamba magodoro yana faida kuliko blogu, akafungua, akasogeza kidole, akaongeza sauti. Alisikiliza dakika zote kumi na moja. Bibi alipocheka, naye akacheka hadi akavua miwani, akauliza kama anaweza kumpelekea mama yake. Chumba kikabaki cha klabu, na kompyuta mbili zikaahidiwa juu yake. Magodoro hayajapata stoo hadi leo.

Mwalimu Sekela akamsimamisha Atupele mbele ya wageni, akamwuliza alijuaje wakati wa kubadilisha.

"Sikujua, Mwalimu," Atupele akasema. "Nilionja."

Ndipo Gwamaka akasimama nyuma ya ukumbi bila kuitwa, mikono mgongoni kama shahidi mahakamani.

"Aonjaye kwa kijiko halali njaa," akasema. "Naapa ni kweli. Mimi nimelala njaa mara moja, na ya pili niliponea chupuchupu."

Ukumbi ukaangua kicheko na makofi, na kuanzia siku ile hakuna aliyemwita Rangi tena.

Mzee Ambilikile akachukua mwiko wake. Wale wa kidato cha kwanza walikuwa wamesahau njaa. Mwonjaji wa zamu akachota kijiko, akapuliza, akameza, akafumba macho kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Kengele ikapigwa. Na foleni nzima, bila kuambiwa na mtu, ikaanza kusogea huku ikisema kwa sauti moja: aonjaye kwa kijiko halali njaa.