Fisi Aliyeitika Karibu

"Hodi, wasikilizaji."

"Karibu, msimulizi."

"Niingie na nini?"

"Ingia na ngano."

"Na ikiwa ya uongo?"

"Uongo wako, masikio yetu."

Vizuri. Mmeitika karibu nyote, nimewasikia, kumbukeni hilo. Wanasema anayesimulia ngano mchana huota mkia. Mimi na umri huu, mkia ukiota nitauegemea. Sogeeni mkekani. Wewe mjukuu wangu Mwajabu, uliyeshuka juzi na sanduku la magurudumu baada ya kusoma Ulaya muhula mzima, kaa hapo hapo kwenye kiti cha wageni. Hujaambiwa uinuke. Bado.

Basi paliondokea Kindi na mama yake, katika nyumba ya udongo chini ya mkwaju. Msiniulize kindi anajengaje nyumba ya udongo. Alijenga.

Kindi alikuwa mdogo wa mwili, mwingi wa maswali. Alimuuliza Kobe mpaka Kobe akaingiza kichwa ndani. Alimuuliza Mama Kanga mpaka Mama Kanga akasahau idadi ya vifaranga wake. Majirani wakasema, "Huyu apelekwe kwa Korongo akasome." Korongo alikuwa mwalimu, ng'ambo ya mto mkubwa. Mama Kindi akakaanga karanga, akazifunga katika jani la mgomba, akaenda nyuma ya nyumba kulia kidogo asionekane, kisha akarudi akasema, "Nenda, mwanangu. Muhula mmoja si mwaka."

Kindi akaenda. Chwi, chwi, chwi, akapita pori. Akavuka mto juu ya gogo, akafika.

Kwa Korongo alisoma. Alisoma kuhesabu miezi. Alisoma njia za nyota. Na zaidi ya yote alisoma kusimama kwa mguu mmoja na kufikiri kabla ya kusema. Lakini kule ng'ambo hakuna anayepiga hodi. Mtu anapita, anaingia kwake, anafunga. Walikuwa watu wema, sisemi uongo hapo. Waliinamisha shingo zao ndefu wakampa samaki, ambaye yeye hali. Ila neno karibu hawakuwa nalo. Kindi alikaa miezi minne bila kuambiwa karibu na mtu, na akagundua kwamba anaikumbuka sauti ya mama yake akiitika mlangoni kuliko anavyozikumbuka karanga. Na karanga alizipenda sana.

Tumwache huko, turudi nyumbani, maana nyumbani kumeingia mtu.

Siku tatu baada ya Kindi kuondoka, Fisi alifika mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," akaitika Mama Kindi, maana alilelewa akaleleka.

Fisi akaingia. Akapewa maji, akanywa, gudu, gudu, gudu. Akapewa chakula, akala, mnya, mnya, mnya. Akapewa kitanda cha Kindi, akalala, khoroo, khoroo.

Sheria ya nyumbani mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Kindi akavumilia siku ya kwanza, akavumilia siku ya pili. Alfajiri ya siku ya tatu akaja na jembe mkononi, akakuta kitanda kitupu. Akashusha pumzi. Kumbe Fisi ametoka, amekizunguka kichuguu kilicho mbele ya nyumba, mara moja tu, na sasa yuko mlangoni anapangusa miguu.

"Hodi."

Afanye nini? Hodi ni hodi. "Karibu," akasema mama wa watu, na mgeni akikaribishwa siku zake zinaanza upya. Maji, gudu, gudu. Chakula, mnya, mnya. Kitanda, khoroo. Siku ya tatu, kichuguu. Siku ya tatu, kichuguu.

Mwezi wa kwanza Fisi alimaliza mahindi. Mwezi wa pili alimaliza karanga. Mwezi wa tatu alimaliza mihogo. Mwezi wa nne akawa anatafuna maganda ya mihogo, na ndani ya nyumba kikabaki kikapu kimoja, darini, juu ya moshi. Mbegu za kunde. Hizo si chakula, hizo ndizo mwaka ujao. Na mvua zilikuwa zimeshaanza kunguruma upande wa milimani.

Fisi akainua pua, fu, fu, fu. Akasema, "Mama, darini kuna harufu nzuri. Leo unipikie hicho."

Mama Kindi akasema, "Haya, mgeni wangu." Kumnyima mgeni hajui, hakufundishwa. Akauchukua mtungi akaenda kisimani kumtekea Fisi maji ya kuoga, na njia nzima alikuwa akiwaza shamba lisilo na mbegu.

Saa hiyohiyo Kindi alikuwa njiani anarudi. Chwi, chwi, chwi. Njia nzima alijizoeza hodi yake, isije ikawa imeota kutu. Akapigia gogo hodi. Akapigia jiwe hodi. Akampigia Nungunungu hodi, Nungunungu akamwambia, "Mwanangu, mimi niko barabarani."

Akafika. Mlango uleule, na ufa wake uleule chini.

"Hodi."

Fisi, ndani, alikuwa amelala chali na ganda la mwisho la muhogo mdomoni. Angeweza kunyamaza. Lakini akawaza, mwenye kupiga hodi huenda ana kitu mkononi. Uroho ukamtangulia akili.

"Karibu," akaitika.

Kindi akasimama palepale kizingitini. Miezi minne anaisubiri karibu ile, na sasa imekuja kwa sauti ya Fisi, na ganda la muhogo ndani yake. Iliuma jamani. Mimi nasimulia tu na bado inaniuma.

Akaingia, akamwona mtu mzima kitandani kwake. Mara Mama Kindi akatokea na mtungi kichwani, akamwona mwanawe, na mtungi ule aliutuaje hajui mpaka leo. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Mama akasema, "Umekonda." Kisha akamvuta pembeni akamweleza yote kwa mnong'ono: hodi, kichuguu, na kikapu cha darini.

Kindi akasimama kwa mguu mmoja.

"Mguu unakuuma?" mama akauliza.

"Nafikiri, mama."

"Hapa kwetu tunafikiria kwa yote miwili."

Kwa wakati huo majirani walishasikia kwamba mtoto amerudi, wakaja kumwona. Kobe akaja. Mama Kanga akaja na vifaranga wake kumi na wawili. Kindi akaushusha mguu, akaenda kitandani kwa adabu.

"Shikamoo, mzee Fisi."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Nilipopiga hodi, nani aliniitikia karibu?"

"Mimi," akasema Fisi, na kifua juu.

"Majirani, mmesikia?"

"Tumesikia," akasema Kobe.

"Na anayeitika karibu katika nyumba ni nani?"

"Mwenyeji," akasema Mama Kanga. "Hata hawa vifaranga wangu wanajua."

"Basi mzee Fisi ndiye mwenyeji wetu," akasema Kindi, akakaa. "Sisi ni wageni, na mimi nimetoka mbali. Mzee, maji."

Fisi akacheka, hiii, hiii. "Na nisipotaka?"

"Si neno. Utakuwa umeikana sheria ya hodi. Na kama sheria haipo, miezi minne hii hukuwa mgeni, ulikuwa mwizi, na mwizi hupigiwa yowe. Mama Kanga, yowe lako linafika wapi siku hizi?"

"Kwa Simba," akasema Mama Kanga. "Upepo ukiwa mzuri linampita."

Fisi akainuka kitandani, akatafuta kata ya maji.

Akampa Kindi, gudu, gudu. Akampa Kobe, gudu, gudu. Akawapa vifaranga kumi na wawili, kila mmoja anataka ya kwake, na wa saba akamwaga, akataka tena. Likaja suala la chakula. "Nyumba haina kitu," Fisi akasema, na Kobe akamjibu taratibu kwamba mwenyeji hutafuta. Fisi akaenda porini akachimba viazi, akabeba, akamenya, akapika. Wageni wakala, mnya, mnya, mnya. Mwenyeji hula mwisho, akalamba mwiko. Kitandani akalala Kindi, na Fisi akajikunja kizingitini.

Siku ya pili vilevile. Maji, gudu, gudu. Chakula, mnya, mnya. Mwiko.

Lakini Fisi naye si mjinga wa kuzaliwa, ni mjinga wa tumbo. Alikuwa anahesabu. Alfajiri ya siku ya tatu akaamka na jembe mkononi, meno yote nje, akaenda kitandani kusema, "Mgeni, siku ya tatu leo." Akakuta kitanda kitupu. Na nje, penye kichuguu, akasikia miguu midogo, chwi, chwi, chwi, ikizunguka.

"Hodi."

Fisi akalibana jembe kwapani, akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Kimya.

"Hodi."

Kimya. Jasho linamtoka.

"Hakuna mwenyeji, Mama Kanga," ikasema sauti ya Kindi huko nje. "Basi hiki chungu chako cha maharage ya nazi tukile hapahapa uwanjani." Na kifuniko kikafunuliwa, na harufu ikapita chini ya mlango, kwenye ule ufa, ikamfuata Fisi mpaka puani.

Fisi akabana mdomo. Fisi akabana pua. Tumbo likasema, ngruuu. Viganja vikaachia.

"Karibuni!"

Wakaingia. Chungu kilikuwa cha kweli, na maharage yalikuwa ya kweli, Mama Kanga hapiki uongo. Akala Kindi, akala Mama Kindi, akala Kobe polepole kama desturi yake, wakala vifaranga kumi na wawili, na wa saba akaongezwa. Mwenyeji akalamba mwiko. Kisha Kindi akatazama nje, akasema, "Mzee, mvua inakaribia na shamba halijalimwa. Utatulisha nini mwakani? Na bahati nzuri jembe unalo kwapani tayari."

Fisi akalitazama jembe. Jembe likamtazama.

Akalima. Chwa, chwa, chwa, kutoka mkwajuni mpaka kwenye miiba. Chwa, chwa, chwa, kutoka miibani mpaka kwa Kobe. Jua lilipoanza kuinama akafika mwisho wa shamba, akalitua jembe, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatimua mbio. Akakipita kichuguu, na safari hii hakukizunguka. Mpaka leo Fisi akipita karibu na nyumba za watu huchekea mbali, wala mlangoni hasogei.

Majirani wakaaga, nyumba ikatulia. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo.

Mama Kindi akapangusa kiti. Akafungua kasha, akatoa kikombe cha maua, kile cha wageni, akakijaza uji. "Kaa, mwanangu," akasema. "Usishike kitu. Umetoka mbali, pumzika."

Kindi akakishika kikombe kile. Tangu azaliwe hakuwahi kukinywea. Kilikuwa kizuri, na kilimsikitisha kuliko Fisi. Akakiweka chini, akatoka nje, akaurudisha mlango.

"Hodi."

Ndani kimya.

"Hodi, mama."

"Wewe mtoto, una nini?" mama akasema kwa ukali. "Tangu lini mtu akapiga hodi kwao? Ingia, kikapu kiteremshe darini. Mvua hiyo inashuka, na mbegu hazijipandi."

Kindi akabaki mlangoni kwa miguu yote miwili, anacheka na machozi yanamtoka. Miezi minne alikuwa anaingoja karibu, kumbe hakuwa anaingoja hiyo. Alikuwa anangoja kukaripiwa na mama yake. Akaingia, akakiteremsha kikapu, wakatoka wote wawili wakapanda kunde mpaka matone ya kwanza yakawakuta shambani.

Ngano yangu iliingia kwa hodi, inatoka kwa kwaheri. Atakayeiokota aitie chumvi yake.

Na funzo? Funzo mlishike vizuri, watoto. Ukisikia hodi, nyamaza. Karibu ni neno baya, humaliza mahindi, huleta fisi kitandani. Wenzetu wa ng'ambo wana akili, wanaingia kwao wanafunga. Kuanzia leo katika nyumba hii mtu asithubutu kuitika...

Nani huyo? Mmesikia? Hodi, uwanjani.

"Karibu, karibu ndani, pita mwanangu, mlango uko wazi."

Mnanitazama nini? Funzo ni la watoto. Mwajabu, mke mwenzangu, umefika juzi, jana umekula pilau, leo siku ya ngapi? Haya, inuka umpishe mgeni kiti. Vikombe viko kwenye beseni, na havijioshi.