Nani Aliyemwoza Bibi Aikaruwa?

Sogeeni karibu. Mwenye kupenda ubishi akae mbele, maana hadithi hii nyumbani kwangu tumeibishania mwaka mzima na hatujapatana.

Walikuwapo watu watatu wa kitongoji kimoja huko migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ndeshi alijaliwa ulimi: akikuambia neno moja, unakwenda kulala nalo. Mzee Oforo alijaliwa kumbukumbu: mila ambazo wengine walishazisahau, yeye alizijua kama jina la mama yake. Na Anansia, fundi cherehani, alijaliwa macho. Akikupima kiuno, ameshajua na kinachokusumbua moyoni.

Kitongojini hapo aliishi Mzee Ndekirwa na mkewe, Bibi Aikaruwa. Miaka arobaini pamoja, watoto sita, wajukuu kumi na wanane, ila ndoa ya kanisani hawakuwahi kufunga. Ujanani Ndekirwa alimtorosha binti wa watu, basi, maisha yakaendelea. Kwa hiyo kila ilipofika Meza ya Bwana, ule mkate na divai, wenzao walikwenda mbele, wao wakabaki benchi la nyuma. Bibi Aikaruwa alikuwa na ombi moja tu: kabla hajafa, aende mezani siku moja na mumewe ubavuni.

Mzee hakutaka kusikia. "Ndoa takatifu, ndoa takatifu! Kwani hii yetu ina kasoro gani? Uji umeshanywewa, ndiyo mnaleta sukari?"

Ndeshi alikuwa mke wa mwanawe wa kwanza, Eliudi. Siku moja akamwuliza, "Baba, wenzake wakienda mezani, mama huwa anafanya nini?"

"Nitajuaje? Huwa nasinzia."

"Jumapili hii usisinzie, baba."

Jumapili mzee akakaza macho, akamwona mkewe ameinamia kitabu cha nyimbo, anakisoma kwa bidii, na kitabu amekishika juu chini. Jioni mzee akamwambia Ndeshi, "Mwambie mchungaji atuandike."

Matangazo yakaanza kusomwa. Jumapili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu mchungaji akauliza kama kuna mwenye kizuizi, na nyuma kabisa akasimama Mzee Anaeli, kaka yake bibi harusi, na fimbo yake mkononi.

"Ninacho! Dada yangu aliondoka kwetu kama kuku aliyeibwa. Miaka arobaini, hakuna aliyekuja hata kupiga hodi!"

Mchungaji akasema basi, ndoa itasubiri. Bibi Aikaruwa akajifunika uso kwa khanga.

Watoto wakataka kumpelekea mjomba wao blanketi, kreti za soda na mbuzi. Mzee Oforo akawakataza. "Aliyedharauliwa hahongwi." Akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, jani la kuombea msamaha, ambalo wazee wetu hawakuthubutu kulikataa. Akalifunga fundo, akamkabidhi Ndekirwa. "Nenda kwa miguu yako. Usitume mtu."

Ndekirwa akapanda mlima akihema, akapiga hodi, akalinyoosha jani kwa mikono miwili. "Shemeji, nilikosa."

Mzee Anaeli akalipokea jani. Akafuta pua. "Ingia ndani, mwizi wewe." Wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, katika kata moja hadi jua likapungua.

Siku ya harusi ikafika. Ndafu, mbuzi mzima wa karamu, yuko motoni. Kwaya imevaa sare, mchungaji ameshafika. Bibi harusi naye amekaa kitandani na gauni lake, amegoma. Binti zake wakambembeleza: viatu vinabana? Unaumwa? Akatikisa kichwa tu.

Anansia, aliyekuwa akimalizia pindo, akamtazama usoni. Hakumwuliza kitu. Akatoka moja kwa moja hadi kwa bwana harusi.

"Mzee, mchungaji umemwomba. Shemeji yako umemwomba. Huyu mwenyewe umemwomba lini?"

Mzee akakumbuka. Siku ile ya kumtorosha alimwambia neno moja tu: "Twende."

Akaingia chumbani na suti yake, akapiga lile goti lake lenye baridi yabisi. "Mama Eliudi, utakubali nikuoe?"

Bibi akajinyoosha gauni taratibu, kwa makusudi kabisa. "Ngoja kwanza nifikirie."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kisha akalia, akamshika mumewe mkono. "Nimekubali. Haya, mwinueni."

Siku hiyo Bibi Aikaruwa alikwenda mezani, na mumewe ubavuni akichechemea. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Kwenye karamu ndafu akakatwa. Mzee Ndekirwa akainua kidari juu. "Hiki hakigawanywi. Ni cha mtu mmoja, yule aliyetuoza!"

"Basi lete, baba," akasema Ndeshi. "Bila mimi ungekuwa bado unasinzia."

"Na bila isale langu," akasema Mzee Oforo, "mngekuwa bado mnasubiri."

Anansia akacheka. "Na bila mimi mngekuwa na mchungaji, na shemeji, na kwaya. Bibi harusi hamna."

Mzee akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akafanya kama waume wengi: akamsukumia mkewe sinia. "Amua wewe."

Bibi Aikaruwa akashika kisu. "Na mimi nawauliza ninyi," akasema taratibu. "Niliolewa wapi hasa? Kanisani mbele ya Mungu, kwa kaka yangu mbele ya ukoo, au kule chumbani nilipoulizwa mimi?"

Kisu kiko juu, nyama inapoa. Msinitazame mimi, hadithi yangu imeishia hapo. Wewe uliyekaa mbele, kidari ungemkatia nani?