Pikapu ya Bi Mwanamvua Getini

Siku zile za corona, watu wakikimbiana, Bi Mwanamvua alipeleka leseni yake kuhuishwa, maana bila gari maziwa yake yangemchachia nyumbani. Bwana Singano, mkubwa wa ofisi, akaishika kwa ncha za vidole.

"Imekwisha jana. Nyie wazee mtarudi corona ikiisha."

"Haya, mwanangu." Akaenda kuketi nje.

Saa ya chakula Singano akatoka na gari lake, akakuta pikapu imeziba geti.

"Bibi, ondoa gari!"

"Bila leseni? Si utanifunga! Chukua ufunguo uondoe mwenyewe."

Singano akanyoosha mkono. Bibi akaukoholea ufunguo, kho, kho, kho, ndipo akampa.

Singano akarudi ndani mbio. Leseni mpya ikaletwa kwenye ncha ya rula, na Bibi akaondoka akiimba, kikohozi amekiacha getini.