Kipanga, Gari la Marehemu Mhina

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani za watu tunaowajua kwa majina na kwa vicheko vyao, pale Soni kwenye barabara ya kupandia Lushoto, palikuwa na gari la mbio likiitwa Kipanga.

Na gari lenyewe ungeliona! Viti viwili tu, paa halina, limelala chini hata kuku akipita haoni shida kulichungulia ndani. Pua ndefu. Taa mbili za mviringo, kama macho ya mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Ringi za spoku kama za baiskeli. Mwili wote huoni mahali palipokatwa kwa rula: umeinuka, umeshuka, umejipinda, utadhani mtu kalala ubavu kajifunika shuka. Mwenyewe alikuwa Mhina, dereva wa mbio za mlima. Alipozeeka aliacha mbio, kulitazama hakuacha. Kila alasiri anatoa kigoda, anakaa, anatazama gari lake. Mkewe, Mwanjaa, akipita na ndoo ya maji, anaitwa.

"Mwanjaa, njoo ulione bega lile, hapo juu ya gurudumu."

"Nimeliona jana."

"Jana jua lilikuwa upande mwingine."

Weee! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Wakasema Mwanjaa kaolewa uke wenza na gari, tena yeye ndiye bi mdogo.

Na kweli gari ndilo lililotangulia. Siku moja ya mbio, ujana bado unamchemka, Mhina yuko mbele ya wenzake wote, anakata kona ya Soni, mbele yake msichana na mzigo wa miwa kichwani. Akauvuta usukani wote, akaenda kugonga mwamba. Mbio akazikosa, msichana akampata. Ndiye huyo Mwanjaa. Madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, ikabaki na bonyeo la kulaza bakuli zima, na Mhina hakukubali linyooshwe. Mwanjaa naye, kama wasemavyo watu, kila akipita hapo alikuwa analigusa.

Basi Mhina akaugua, akawa wa kitandani. Siku ya mwisho akamshika mkewe mkono.

"Kipanga asiuzwe. Asifunguliwe vipande watu wakagawana. Mpe mtu mmoja, anayempenda kama nilivyompenda mimi. Ukitoka eda, mpe."

"Nitamjuaje?"

Mhina alikuwa keshakwenda.

Mwanjaa akaingia eda, miezi minne na siku zake, hatoki, wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Na hakulia. Watu wakanong'ona: mume kama yule, jicho kavu! Lakini kilio kilikuwa kimemkaa hapa, kifuani, hakiteremki wala hakipandi. Aliyempikia na kumletea habari ni wifi yake Mashavu, dada wa marehemu, mwanamke ambaye siri kwake ni kama kaa la moto mdomoni.

Marehemu aliacha marafiki watatu, wote wagonjwa wa Kipanga. Kaniki alikuwa msomaji wake wa njia, anakaa kiti cha pili na kumwambia kona zinazokuja. Hizza alikuwa fundi bodi. Mwantumu alikuwa binti wa jirani, Mhina ndiye aliyemfundisha kuendesha, sasa ni mama mzima anayeshindana na wanaume.

Huyo Kaniki akalitwaa gari kulilinda, palepale kwenye banda la marehemu. Analifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, hataki hata tone la maji. Hizza akaja, akatazama nyuma ya banda.

"Kaniki, ukingo huu wa mlima umepata ufa. Masika yakiingia utashuka. Tulisogeze gari."

"Halisogezwi. Hapa kaliegesha Mhina kwa mkono wake."

"Basi tumtume Mashavu akamwulize shemeji."

"Wewe! Utamwuliza mjane habari za magari, mumewe hajapoa kaburini?"

Hizza akaona haya. Mwenye eda haulizwi. Hakuulizwa.

Masika yakaingia. Adhuhuri moja ukingo ukashuka, ukuta wa banda ukaja na mawe yake. Kaniki alikuwa ndani. Angeweza kukimbia. Hakukimbia, aliingiza bega chini ya boriti akaizuia isilale juu ya usukani na viti, akaizuia mpaka watu wakafika na mitaimbo. Mkono wake wa kulia tangu siku hiyo haufiki kichwani, kofia anavalishwa na mkewe. Lakini mbele, kule ambako boriti haikufika, mawe yalikuwa yameifinyanga boneti na madigadi zote mbili kama karatasi ya kufungia karanga.

"Wifi," Mashavu akasema, "pua ya Kipanga haipo."

Mwanjaa akageukia ukutani. Hakulia.

Hizza akalichukua gari, akalipeleka karakana yake, ng'ambo ya barabara. Akachonga umbo kwa mti wa mvule, akalaza bati la alumini juu yake, akagonga. Hakuwa na picha, alikuwa na macho yake ya miaka yote ya kulitazama. Anagonga, anarudi nyuma, anachuchumaa, anangoja jua ligeuke, anagonga tena. Kazi zote za watu zikalala. Mwanjaa ndani anaisikia nyundo asubuhi, anaisikia jioni. Hata siku Hizza alipomaliza, wazee waliolifahamu gari likiwa jipya walivua kofia. Bega lile juu ya gurudumu lilikuwa limerudi. Ila madigadi ya kushoto ilikuwa laini kama yai. Bonyeo halipo.

Kaniki akapiga kelele. "Umemfuta Mhina! Umemfuta na mkewe! Ungemwuliza!"

"Nikamwulize nini mtu wa eda?"

Mwenye eda haulizwi. Hakuulizwa.

Zikabaki siku chache eda iishe, ikafika siku ya mbio za mlima. Mwantumu alikuwa amekwenda kwa Mwanjaa mara nyingi, yeye mwanamke hazuiliwi njia, lakini kila akikaa mkekani ulimi unakuwa mzito. Mtu huenda kutoa pole, haendi kuomba gari. Mwenye eda haulizwi, naye hakumwuliza. Alilitia mafuta, akaliwasha, akashuka nalo Mombo, chini ya mlima, kwenye mstari wa kuanzia.

Alasiri ile Mwanjaa alikuwa anachambua mchele. Akasikia. Mbali kwanza, kule bondeni. Akaweka ungo chini. Sauti inapanda, inakata kona, inashusha gia, inavuta pumzi, inapanda tena. Ni Kipanga, hakuna gari jingine linalolia vile. Likapita mbele ya nyumba, madirisha yakatetemeka, likaenda zake juu.

"Mhina," akasema. Ndipo akalia. Akalia miezi yote ile kwa mkupuo mmoja, Mashavu amemkumbatia, naye analia.

Mwantumu alifika Lushoto wa kwanza. Lakini kona ya mwisho alikuwa ameikaza mno injini ya kizee, na palepale kwenye mstari wa kumalizia ikapasuka. Mafundi waliitazama wakatikisa vichwa. Haitengenezeki. Kipanga akarudishwa Soni kwa kamba, kimya; ufunguo Mashavu akaupeleka ndani.

Eda ikaisha. Mwanjaa akaoga, akavaa kanga mpya, akatoka uani na ufunguo mkononi; marafiki watatu wapo, wasia wa marehemu Mashavu keshawamwagia. Alilizunguka gari. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye madigadi ya kushoto, ukapapasa, ukakosa.

"Semeni," akawaambia.

Kaniki akasema, "Shemeji, bila bega langu leo ungekuwa unagawa vyuma chakavu. Kweli nilikataa lisogezwe. Nilitaka libaki alivyoliacha."

Hizza akasema, "Shemeji, madigadi ile ilichanika, haikuwa na cha kuokolewa. Ningeweza kuigonga bonyeo jingine palepale. Nilishika nyundo, nikaona nitakuwa nakudanganya."

Mwantumu alipiga magoti. "Mama, nimeliua kwa mikono yangu. Lakini lilitengenezwa likimbie, si lifutwe vumbi. Nililipeleka alikokuwa akilipeleka yeye."

"Umelipeleka kaburini!" Kaniki akafoka.

"Na wewe ulishalichimbia!" Mashavu akadakia, mdomo huo. Mwanjaa akamtazama.

Akasogea mbele yao, ufunguo kwenye kiganja. Wote watatu waliinamisha macho, hakuna aliyenyoosha mkono. Mume alisema mtu mmoja, na mume hayupo tena wa kuulizwa.

Haya, jamani, mimi msinitazame usoni. Mmoja alimwokoa Kipanga na hatari aliyomtia mwenyewe. Mmoja kamrudishia sura, kovu la ndoa ya watu likapotea. Mmoja kamliza mjane kilio chake, na Kipanga hatalia tena. Mwanjaa kasimama uani, mkono wazi. Mwambieni: je, kati yao nani alistahili?